Maziwa hayakuwa na kosa: kisa cha juisi ya chungwa iliyokatika mezani

Jagi lilifunikwa kawa saa kumi na moja na robo jioni. Kawa lilipoondolewa kwa adhana ya Magharibi, saa kumi na mbili na nusu, kilichokuwa ndani hakikuwa kinywaji tena. Juu kulikuwa na utando wa chenga nyeupe zilizoshikana, katikati maji ya manjano yaliyopauka, chini nyuzi za chungwa pamoja na sukari ambayo haikuyeyuka. Wifi yangu, mke wa kaka, alishika mwiko akakoroga. Chenga zikazunguka mara mbili tatu, zikapanda juu na kutulia palepale.

Futari ilikuwa kwao, Ngamiani, hapa Tanga. Mkekani tulikuwa watu wanane, na kwa siku mbili wifi alikuwa ameisubiri juisi ile kuliko chakula chenyewe. Aliiona kwenye simu: juisi ya chungwa iliyopigwa na maziwa, nzito, baridi, ikimiminwa inaacha povu la vidole viwili juu ya glasi. Alitaka wakwe waione. Mama yangu ndiye aliyeonja wa kwanza, baada ya tende. Alimeza, akaiweka glasi chini taratibu, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, haya maziwa ni ya lini?"

"Ya leo, mama. Yameletwa asubuhi."

"Basi yameletwa yameshaharibika."

Hukumu ikatoka hapo hapo. Tuliendelea na uji na tambi, mazungumzo yakahamia mengine, lakini wakati wa kuondoa vyombo nilimsikia wifi akimwambia kaka kuwa kesho yule mama wa maziwa akipita aambiwe hatuhitaji tena. Mama huyo amekuwa akipita mlangoni pao na madumu yake kila asubuhi kwa zaidi ya miaka minne. Watoto wa kaka wamekulia maziwa yake. Neno hilo lilinikaa moyoni, na ndiyo sababu kisa hiki nilikifuatilia mpaka mwisho. Mezani kwetu kilikuwa kimeharibika kinywaji tu, lakini mtu mwingine alikuwa karibu kupoteza mteja, na jina zuri pamoja naye.

Sufuria iliyobaki

Kwenye sufuria kulikuwa na kama robo lita ya maziwa yaleyale, yaliyobaki baada ya kutengeneza juisi. Ilikuwa imefika saa tatu usiku. Nilimwomba wifi tuyabandike jikoni kabla ya kuyamwaga.

Kipimo hiki wanakitumia hata kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Maziwa yaliyoanza kuchacha yanaweza kuonekana mazima kwa macho, pengine hata yasinuke, lakini ukiyachemsha yanakatika. Ukali uliokwisha kuingia ndani yake ukikutana na moto, haujifichi tena. Maziwa mazima yanapanda, yanafura, na yakitulia yanavaa malai.

Ya kwetu yalipanda. Nikayapulizia, yakashuka, nikayaacha yapoe kidogo, na malai yakajikunja juu safi kabisa. Nikachota kwa kijiko cha chuma na kukiinamisha karibu na taa: yaliteremka laini, bila hata chembe moja iliyobaki mgongoni mwa kijiko.

"Wifi, njoo uone mwenyewe."

Alitazama kwa muda. "Sasa kama maziwa mazima, ni machungwa?"

Machungwa nayo yalikuwa na watetezi wake. Yalitoka Muheza, yale yenye ganda la kijani ambalo mgeni akiliona hudhani bado bichi. Ganda la kijani si dalili ya ubichi huku kwetu. Chungwa linahitaji usiku wenye baridi ili ganda lipoteze ukijani wake na kuwa rangi ya machungwa ya picha. Pwani usiku ni wa joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku ganda likibaki kijani. Nilimenya moja, nikalikata nusu, tukalila tukiwa tumesimama. Tamu, lenye maji mengi, na ukali kidogo unaotakiwa. Halikuwa na uchungu wowote. Ila ile juisi ya kwenye jagi ilikuwa chungu, uchungu wa kukwaruza nyuma ya ulimi. Hilo nalo lilihitaji kuelezwa.

Alivyotengeneza

Siku ya pili asubuhi nilimwomba anisimulie hatua kwa hatua, asiruke hata kitu kidogo. Nikaandika.

Maziwa lita moja aliyachemsha saa kumi alasiri, kama inavyopasa kwa maziwa ya kuletwa na dumu, kwa sababu maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba magonjwa kama brusela na kifua kikuu. Aliyaacha kwenye sufuria juu ya meza. Saa kumi na moja kasoro alimenya machungwa kumi na mbili, akayakata vipande, akayatia kwenye blenda pamoja na mbegu na ile nyama nyeupe iliyobaki chini ya ganda, akasaga. Akachuja. Akaongeza maji vikombe viwili, kwa kuwa maelezo ya kwenye simu yalisema maji. Akatia sukari, kisha akamimina maziwa. Nilimuuliza yalikuwa ya baridi au ya moto. Akafikiri. "Vuguvugu. Sufuria ilikuwa inashikika." Akasaga tena mpaka povu likajaa, akamimina kwenye jagi, akatia vipande vya barafu, akafunika.

"Na lilipojaa povu, lilikuwa zuri?"

"Zuri sana, wifi. Nilifurahi."

Nikamuuliza kama ameshawahi kutengeneza kitu chochote kwa namna hiyo kikakubali. Hapo ndipo kisa kilipofunguka, kwa sababu jibu lake lilikuwa: kila siku. Juisi ya parachichi anaitengeneza hivyohivyo. Maziwa yamechemshwa, hata yakiwa na uvuguvugu, parachichi, sukari, inasagwa, inakaa mezani saa nzima, inanyweka. Papai vilevile. Kwa miaka mingi mkono wake umezoea kuwa maziwa na tunda ni jamaa, ukiwakutanisha wanapatana. Parachichi halina ukali wa kuyasumbua maziwa. Chungwa linao. Kwa hiyo wifi alifanya sawasawa kila alichokijua, isipokuwa alilitendea chungwa kama parachichi.

Kwa nini yalikatika

Ndani ya maziwa kuna protini iitwayo kaseini. Imetawanyika katika punje ndogo zisizoonekana kwa macho, na punje hizo zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana haziungani. Ukali wa ndimu, siki au chungwa unaondoa msukumano huo. Wataalamu wanapima ukali kwa pH, ambapo namba ikishuka ukali umepanda. Maziwa mazima yako karibu na 6.7. Yakishushwa mpaka 4.6, kaseini inashikana na kuachana na maji. Juisi ya chungwa kwa kawaida iko kati ya 3.3 na 4.2, kwa hiyo kila inapoingia kwenye maziwa inayavuta kuelekea kwenye mpaka huo.

Lakini namba peke yake haitoshi kueleza jagi letu. Joto lina kauli kubwa. Maziwa ya moto au ya vuguvugu hayangoji mpaka 4.6, yanakatika mapema, kwa ukali mdogo zaidi. Maziwa baridi sana, yale ya kuuma meno, yanastahimili ukali uleule kwa muda mrefu zaidi. Ndivyo jibini la nyumbani linavyotengenezwa: maziwa ya moto, ndimu, koroga, mimina kwenye kitambaa. Wifi alichukua maziwa ya vuguvugu, akaleta ukali wa machungwa kumi na mbili, akaacha saa moja na robo kwenye joto la jioni ya Tanga. Barafu aliyotia ilikuwa vipande sita kwenye jagi la lita mbili na zaidi. Iliyeyuka kabla ya kupoza chochote.

Ili tusibaki na maneno, tulijaribu. Maziwa ya siku hiyo, yaliyoletwa na mama yuleyule (nilikuwa nimeomba asikatazwe kwanza), tulichemsha, nusu tukaweka kwenye friji mpaka saa kumi, nusu tukapasha mpaka vuguvugu. Glasi mbili, maziwa robo kikombe kila moja, na juisi ya chungwa ya kukamua kwa mkono robo kikombe, inayomiminwa kidogo kidogo. Ile ya vuguvugu ilianza kuonyesha chenga kwenye ukuta wa glasi kabla sijamaliza kumimina. Ukiinamisha glasi unaona mstari wa vitone vyeupe ukibaki nyuma kama unga usiokorogeka. Ile ya baridi ilibaki nzito na laini, rangi ya ndani ya embe lililopauka, na baada ya dakika kumi na tano bado ilikuwa hivyo. Chungwa moja, maziwa ya dumu moja, mkono mmoja. Kilichotofautiana kilikuwa baridi tu.

Wifi aliishika ile glasi ya vuguvugu kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Akaenda akamwaga.

Uchungu na maji

Uchungu una chanzo chake peke yake, na ningeomba kila anayesaga machungwa mazima kwenye blenda akisome hiki. Kwenye mbegu za chungwa, kwenye ile nyama nyeupe na kwenye ngozi zinazotenganisha pingili, kuna kitu ambacho chungwa likiwa zima hakina uchungu. Ukilivunja tunda na kulichanganya na maji yake makali, kitu hicho kinageuka polepole kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo maana juisi iliyosagwa inaweza kuwa tamu ukiionja jikoni, halafu ikawa chungu ikifika mezani. Mtu aliyeionja anaapa kuwa ilikuwa nzuri, na anasema kweli. Joto linaharakisha mgeuko huo, na machungwa ya mwanzo wa msimu huwa na tabia hii zaidi ya yaliyokomaa vizuri.

Hili nalo tulilijaribu kwa glasi mbili. Moja machungwa mawili yaliyokamuliwa kwa kinu kidogo cha plastiki, yale ya kukata nusu na kuzungusha, bila kukandamiza mpaka kwenye weupe. Nyingine machungwa mawili yaliyosagwa na mbegu na weupe wake kisha kuchujwa. Tulionja papo hapo: ya pili ilikuwa na uchungu mdogo, wa kuvumilika, na rangi yake nzito zaidi ilivutia macho. Tukaziacha mezani saa mbili. Ya kwanza ilikuwa bado juisi ya chungwa. Ya pili wifi aliiweka mdomoni akakunja uso, akasema, "Ndiyo hii. Ndiyo ladha ya juzi."

Sukari haiondoi uchungu huo. Inakuwa tamu na chungu kwa pamoja.

Kuhusu maji, kosa lilitoka kwenye maelezo yenyewe, au tuseme lilitoka kwenye safari ya maelezo hayo. Kinywaji alichokiona wifi kina asili yake Marekani. Mwaka 1926, Los Angeles, mtu aitwaye Julius Freed alikuwa na kibanda cha juisi ya machungwa. Mwenzake, Bill Hamlin, ambaye alipata kuwa mkemia, aliona ukali wa juisi unamsumbua tumbo, akabuni mchanganyiko ulioifanya iwe laini na yenye povu. Kibanda kikapata wateja, kinywaji kikaitwa Orange Julius, na mwaka 1987 kampuni hiyo ikanunuliwa na Dairy Queen. Watu wa kule walipoanza kukiiga majumbani, walitumia kitu kilichojaa kwenye friza zao: juisi ya chungwa iliyopunguzwa maji na kugandishwa, inayouzwa kwenye kopo dogo. Juisi hiyo ni nzito sana, na kwa kawaida kopo moja huongezwa makopo matatu ya maji ndipo iwe juisi ya kunywa. Kwa hiyo maelezo ya nyumbani yanasema kopo moja, kikombe cha maziwa, kikombe cha maji, sukari, vanila, barafu. Yale maji yanarudisha yaliyotolewa kiwandani.

Wifi hakuwa na kopo. Alikuwa na machungwa ya Muheza, ambayo maji yake yamo ndani tangu mtini. Akayafuata maelezo kwa uaminifu, akaongeza vikombe viwili juu yake. Povu linataka kitu kizito cha kulishika: protini ya kufunga hewa ndani ya vipovu, na uzito wa kuyazuia maji yasichuruzike haraka kutoka katikati ya vipovu hivyo. Ukiongeza maji unavipunguza vyote viwili kwa mpigo mmoja. Povu lake zuri la saa kumi na moja halikuwa na nguzo.

Nimefurahi sana kuijua sababu ya Hamlin, kwa sababu inalingana na hali yetu. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, tumbo tupu, wengi huogopa kufuturu kwa juisi kali ya chungwa peke yake. Maziwa yanapunguza makali hayo kweli. Na si Wamarekani peke yao waliofika hapo. Kule Jamhuri ya Dominika wana kinywaji chao cha maziwa, juisi ya chungwa, sukari na barafu, wanakiita morir soñando, maana yake kufa huku ukiota. Wanaokipika vizuri wanasisitiza jambo lilelile tulilolipata kwenye glasi zetu mbili: kila kitu kiwe baridi sana kabla ya kukutana, na umiminaji uwe wa polepole.

Alhamisi ya pili

Tulirudia wiki iliyofuata, kwa futari ya watu walewale. Wifi ndiye aliyetengeneza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni na kalamu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikamua machungwa kumi, akapata juisi kama nusu lita na robo. Akaichuja mbegu, nyuzi akaziacha kidogo, na papo hapo akaimimina kwenye visahani vya kugandishia barafu akavitia friza. Hili ndilo wazo lililotuokoa na lile kopo la Marekani: tukiigandisha juisi yenyewe, barafu yetu ni chungwa tupu, inapoyeyuka inaongeza ladha badala ya maji. Baridi ya friza pia inauchelewesha ule uchungu. Maziwa ya asubuhi yalichemshwa mara tu yalipofika, sufuria ikakalishwa kwenye karai la maji, na yalipopoa yakaingia friji ya chini mpaka jioni.

Saa kumi na mbili na robo, si kabla, alitia kwenye blenda maziwa baridi vikombe viwili, maziwa ya unga vijiko vitatu vya chakula, sukari vijiko viwili, arki ya vanila nusu kijiko cha chai, na chumvi chembe. Vanila ndiyo inayokifanya kinywaji hiki kiwe na harufu ya aiskrimu, usiiache. Maziwa ya unga ni ya povu: yanaongeza protini na uzito bila kuongeza maji. Blenda aliijaza chini ya nusu, ingawa ilimuuma kuona kazi itakuwa ya mikupuo miwili. Hewa nayo inahitaji nafasi yake. Blenda iliyojaa mpaka shingoni inazungusha tu, haivuti hewa ndani. Akapiga maziwa peke yake kwanza, mpaka yakapanda na kuwa mazito.

Na hapo umeme ukakatika.

Nusu ya mtaa ilipiga kelele. Vipande vya juisi vilikuwa mezani, magumu kama mawe, blenda imesimama, adhana dakika kumi mbele. Wifi alinitazama, na nilidhani atakata tamaa. Aliwaita watoto. Mmoja akatumwa nyumba ya tatu kununua barafu za mifuko. Vipande vya juisi wifi akavifunga kwenye kitambaa safi, akavitwanga kwa mchi, mapigo machache tu, vikawa chenga za baridi. Maziwa yaliyokwisha kupigwa akayagawa kwenye chupa mbili za plastiki zenye mdomo mpana na mfuniko wa kubana, kila moja chini ya nusu, akagawa na chenga za chungwa, akafunga. Kaka akachukua moja, yeye akachukua ya pili, wakatikisa kwa nguvu zao zote, dakika mbili nzima, mpaka nje ya chupa pakavaa umande na mikono ikaanza kuwauma kwa baridi. Mkupuo wa pili ukafanywa vivyo hivyo bila blenda kabisa, maziwa ya unga yakiwa yamekorogwa kwanza na maziwa kidogo yasifanye madonge.

Barafu ya mifuko ilipofika hatukuitia kwenye juisi, kwa kuwa hatukujua maji yake yametoka wapi. Ilivunjwa kwenye karai, ikanyunyiziwa chumvi ya mawe, na jagi likakaa katikati yake. Chumvi inaifanya barafu iwe baridi zaidi ya ilivyo peke yake. Wazee waliozungusha aiskrimu kwa mkono walilijua hilo kabla ya friza kuingia majumbani.

Kuna aliyenishauri ute wa yai, kwamba unafanya povu lisianguke. Ni kweli unafanya, na mchanganyiko wa zamani wa kule Marekani ulikuwa na unga wa ute wa yai. Lakini ute mbichi wa yai la hapa mtaani nimeukataa. Unaweza kubeba salmonela, na mkekani siku ile alikuwapo mjamzito, mtoto wa miaka miwili na mama yangu mwenye umri mkubwa. Povu la kutoka kwenye maziwa ya unga linatutosha.

Adhana ilipoanza, wifi alitikisa mara ya mwisho akamimina. Povu lilisimama kwenye glasi kwa kimo cha kidole kimoja, si viwili kama kwenye simu, lakini zito, lenye vipovu vidogo vya kukaribiana, na harufu ya vanila ikapita mkekani kabla ya glasi. Chini yake juisi ilikuwa nzito kiasi cha kuacha utando kwenye glasi tupu. Nilitenga glasi moja isiyoguswa nikaitazama kwa saa. Mstari mwembamba wa maji ulianza kuonekana chini baada ya dakika ishirini na kitu. Ukiikoroga inarudi, lakini si ileile. Ndiyo tabia ya kinywaji hiki: barafu ya chungwa inaweza kusubiri wiki, maziwa yanaweza kusubiri siku nzima kwenye friji, ila vikishakutana havisubiri wageni. Wageni ndio wakae kwanza.

Mama alikunywa glasi yake akaimaliza. Akaomba nusu nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya wiki iliyopita:

"Na haya maziwa mmenunua wapi?"

Wifi aliweka jagi kwenye karai. "Kwa yuleyule, mama. Yalikuwa mazima hata siku ile. Ni mimi niliyeyamimina yakiwa ya moto."

Mama alinyamaza kidogo, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi kesho akipita mniite," akasema. "Nataka anipelekee na mimi lita mbili."